Tupeane uzoefu: Sahani za kale ukutani, za nani zimeshaanguka?

BintiZidaka
Nimeona picha ya mtu katundika sahani za nyanya yake juu ya kitanda, juu ya mito kabisa, mwili ukanisisimka. Kwetu Lamu sahani zilikaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na hakuna aliyewaza msumari. Sasa naishi flati Mombasa, ukuta mtupu, sahani zimefungwa kwenye leso chini ya kabati. Nyinyi mmezipangaje? Semeni ukweli, na zilizovunjika pia.

FundiPolepole
Kwanza ukuta wenyewe ni wa nini? Tofali za saruji au mawe na chokaa? Usinijibu "ukuta wa kawaida".

MamaShani
Mawe na chokaa, na nitawaambia yaliyonipata. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ukuta mnene, unaudhani hauna shida. Mume wangu akampa kijana mmoja kazi ya kutundika sahani za mama yake. Kijana kapiga misumari, chokaa inamwagika unga, nikamuuliza, akanijibu, "Itashika tu, mama." Ikashika kweli, mpaka masika. Ukuta ule ukishanyonya maji plasta inalegea yenyewe. Usiku mvua inanyesha, nasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani panya. Kumbe sahani ya juu inateremka na msumari wake. Ikaigonga ya chini yake, na hiyo ikaigonga nyingine, mstari mzima mpaka sakafuni. Mimi nimekaa kitandani nimejiziba mdomo, nasikiliza tu moja moja inavyokwenda. Asubuhi mama mkwe akaja, akainama, akaokota kipande kimoja chenye ua la buluu, akakifunga kwenye pindo la kanga. Hakusema neno. Mpaka leo hajasema.

Kungumanga
Huo ukimya naujua. Pole dada.

NahodhaMstaafu
Msilie. Sahani ikipasuka imebeba husuda iliyokuja kwa wenye nyumba. Wazee hawakuzitundika kwa urembo peke yake.

FundiPolepole
Hiyo ilibeba msumari mbovu, mzee wangu. Ukuta wa chokaa hautaki nyundo. Tumia drili na uzime ile sehemu yake ya kugonga, toboa taratibu mpaka ukutane na jiwe, tia plagi, ndipo skrubu. Ukitoka unga mtupu bila jiwe, hamia pengine. Na kila sahani ijitegemee, isiwe moja juu ya nyingine kama hujui kitakachotokea.

NahodhaMstaafu
Drili nayo ina husuda yake. Waulize majirani.

Kungumanga
Mimi nimebandika zile duara za gundi nyuma ya sahani, hazionekani, safi kabisa.

MamaShani
Kwa joto hili na unyevu huu? Utatusimulia wewe mwenyewe.

Shangazi_Siyu
Nyinyi mnalia zilizovunjika. Yetu ilibadilishwa. Miaka ya 70, Lamu imeanza kujaa wageni, akaja bwana mmoja, Kiswahili safi, salamu za heshima, akakunja miguu mkekani. Nyanya alikuwa na sahani kubwa ya kijani kilichofifia, nzito, kwenye kidaka cha katikati. Bwana akaigeuza, akapitisha kidole kitakoni, akairudisha kama haina maana. "Bibi, hii imechakaa, ina nyufa. Nitakupa mpya, dazeni nzima." Kesho yake akaleta melamini za maua mekundu. Nyanya alifurahi! Siku ileile tukapakuliwa humo. Mjomba aliporudi kutoka baharini akatazama kidaka, akauliza mara moja tu, nyumba ikawaka ugomvi. Toka siku hiyo yeye na nyanya hawakula pamoja hadi nyanya akazikwa. Melamini moja ninayo, ukingo umeungua, simruhusu mtu kuilia.

Kungumanga
Kijani kilichofifia, nzito?! Shangazi, hiyo ni seladoni ya Uchina! Zinachimbuliwa kwenye magofu ya Gedi na Kilwa!

Shangazi_Siyu
Nimeambiwa hivyo na watu wengi, mwanangu. Haijarudi.

Mvuvi_wa_Maneno
Mjomba alikuwa na haki. Mali ya ukoo haibadilishwi na mtu mmoja.

MamaShani
Ukoo gani? Vyombo vya ndani ni vya mwanamke! Ilikuwa yake, akipenda aivunje. Wa kulaumiwa ni yule aliyekunja miguu.

Mvuvi_wa_Maneno
Sijasema asilaumiwe. Mnapenda kunilisha maneno.

Kungumanga
Tusigombane. Sahani ya babu yangu ina miaka mia tatu, nyuma imeandikwa Maastricht.

FundiPolepole
Hiyo ni Uholanzi. Kiwanda cha vyombo cha huko, cha Petrus Regout, kilianza 1836, hesabu mwenyewe. Na ukikuta neno "England" chini ya kitako, mara nyingi ni baada ya 1891, forodha ya Marekani ilipodai jina la nchi.

Kungumanga
Babu alikuwa mkweli sana.

NahodhaMstaafu
Babu zetu wote walikuwa wakweli.

Kipande
Mimi nimeokota vigae vya sahani za buluu karibu na makaburi ya nguzo, yale ya kale ya pwani, nataka kuvitia fremu sebuleni. Gundi gani?

MamaShani
Virudishe.

FundiPolepole
Virudishe, na kabla hujaulizwa. Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Mambrui, karibu na Malindi, nguzo ya kaburi ilipambwa kwa bakuli za Kichina. Kunduchi nako, kule Dar es Salaam, nenda ukaone mashimo yaliyobaki ukutani mwa makaburi, sahani zimeng'olewa na watu waliodhani ni pambo la sebule.

Kipande
Nilikuwa nauliza tu.

BintiZidaka
Jamani, na mimi? Waya wenye springi wa kutundikia sahani unakwaruza ukingo, na kwa chumvi ya bahari unatoa kutu.

MamaShani
Vika kucha za waya mpira mwembamba. Na usizisugue kwa ndimu, dhahabu ya ukingoni itaondoka.

Mvuvi_wa_Maneno
Mimi ningezilia tu, sahani ni ya kulia.

FundiPolepole
Za zamani zile baadhi zina madini ya risasi kwenye mng'aro wake, ni sumu. Hasa usitie kitu kichachu.

NahodhaMstaafu
Basi mwacheni ale. Tuone.