Kipindupindu: kama bakteria haingii kwenye seli, maji yote yale yanatoka wapi?

Kijana_wa_Buguruni:
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi hapa kijiweni umetushinda. Jamaa mmoja anasema kipindupindu kinachubua utumbo, mwingine anasema kinautoboa kabisa ndo maana mtu anamwagika. Mi nilisoma PCB na nakumbuka mwalimu alisema yule mdudu hachubui wala haingii ndani ya seli, anakaa tu juu juu. Sasa kama haingii inakuwaje mtu mzima mwenye kilo zake themanini anapoteza mpaka lita moja kwa saa na jioni yake macho yameshazama? Alafu la pili, kwanini ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, inafanya kazi? Utumbo unamwaga maji, ukimpa maji kwa mdomo si yatapita humo humo? Maji matupu kweli hayakai, ila ukitia chumvi na sukari yanakaa. Sukari inahusikaje hapo? Naomba mwenye ujuzi ashuke mpaka ndani ya seli, habari za nawa mikono tunazijua tangu chekechea.

Mzee_wa_Feri:
Mwanangu wewe mtu akishalegea usikae kufikiria seli, kodi bajaji mpeleke kituoni atundikiwe dripu. Hizo pakiti ni za watoto wanaoharisha meno.

FundiMaabara:
@Kijana_wa_Buguruni mwalimu wako alikuwa sahihi. Kipande cha utumbo wa mgonjwa ukikiweka chini ya hadubini seli zimejipanga vizuri tu, hakuna kidonda, ndo maana choo kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele, hakina damu, na mara nyingi mgonjwa hana hata homa.

Iko hivi. Vibrio cholerae akishavuka tindikali ya tumbo anafika utumbo mwembamba, anajishikiza pale kwenye ute, anaanza kutoa sumu. Yeye kazi yake imeishia hapo, kinachoingia kwenye seli ni sumu. Na sumu yenyewe ni protini yenye vipande vya aina mbili, B vipo vitano vimekaa duara na A kipo kimoja kimechomekwa katikati. Vile vitano ni vya kushikia tu, vinashika gangliosaidi GM1, ambayo ni mafuta yenye kichwa cha sukari yaliyopo kwenye utando wa seli zetu siku zote. Vikishashika, seli inaimeza sumu yenyewe kwa hiari yake.

Sasa sikiliza panapokuwa patamu. Vitu vingi vikimezwa na seli vinapelekwa kwenye laisosomu kuyeyushwa. Hii haiendi huko, inarudi kinyumenyume kupitia Golgi mpaka endoplazmiki retikulamu, yaani ile njia ambayo protini zetu hutumia kutoka nje yenyewe inaifuata kwa kurudi ndani. Ikifika pale kile kipande cha A kinaachana na wenzake na kujikunjua, kinaonekana kama protini iliyokunjwa vibaya. Seli ina utaratibu wa kutupa protini mbovu, inazisukuma kwenye saitoplazimu, zinabandikwa alama alafu proteasomu inazikatakata. Basi A nayo inasukumwa na utaratibu huo huo, ila ile alama hubandikwa kwenye laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na A ina laisini chache mno, kwa hiyo inapita bila kuguswa. Yaani seli ndo imeifungulia mlango wa mwisho ikidhani inatupa taka. Mi nimefundishwa hii miaka na bado kila nikiisoma nasema huyu mdudu ana roho mbaya.

Ikishafika saitoplazimu, A ni enzaimu. Inachukua NAD, molekuli ndogo ya kawaida ya seli, inakata kipande chake kiitwacho ADP-raibosi na kukibandika kwenye protini inayoitwa Gs. Hiyo Gs ni swichi, ikishika GTP (molekuli ndogo ya nishati) inawaka, ikiikata GTP inajizima. Ikishabandikwa haikati tena, inabaki imewaka. Hapo enzaimu ya adenileti saikilesi inatengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, bila kupumzika, cAMP inaamsha enzaimu nyingine, protini kainesi A, nayo inafungua mlango wa kloraidi uitwao CFTR. Kloraidi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata kwa sababu ya chaji, maji yanafuata chumvi, na cAMP hiyo hiyo inazima njia mojawapo ya kawaida ya kunyonya chumvi. Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza, yale maji yanatoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, yanapita kwenye seli nzima kabisa ambazo zimepewa amri ya uongo.

Kijana_wa_Buguruni:
Duh. Kwahiyo hata ukimuua bakteria muda huo, zile Gs zilizobandikwa zinabaki zimewaka?

FundiMaabara:
Zinabaki. Ndo maana antibayotiki kama doksisaiklini inapunguza muda wa kuharisha na kiasi cha maji, lakini haikati palepale kama watu wanavyotegemea. Bahati nzuri seli za ukuta wa utumbo haziishi sana, kila baada ya siku chache zinang'oka zinakuja mpya ambazo hazijaguswa. Ukimvusha mtu siku hizo akiwa na maji mwilini, ugonjwa unajiishia. Anayekufa anakufa kwa kukauka.

Nesi_wa_Temeke:
Naomba nijibu la ORS maana ndo kazi yangu na Mzee wa Feri kaniudhi kidogo 😂 shikamoo mzee.

Ile sumu imeshika mlango wa kutoa kloraidi na imezima njia mojawapo ya kunyonya chumvi, lakini kuna njia nyingine haijaigusa kabisa. Inaitwa SGLT1. Hii ni protini kwenye seli hizo hizo inayoingiza glukosi, na haiwezi kuingiza glukosi peke yake, lazima ibebe na sodiamu, kila glukosi moja inaingia na sodiamu mbili. Sodiamu ikiingia maji yanaifuata. Ukimpa maji matupu huna cha kuyavuta, ukimpa chumvi tupu njia ya kawaida imebanwa, ukichanganya chumvi na sukari SGLT1 inafanya kazi kama vile hakuna ugonjwa. Wakati huohuo mlango wa kloraidi bado uko wazi na mgonjwa bado anaharisha, ndo maana ndugu wanaona ORS haifanyi kazi wanaacha kumpa. Tunachotafuta sisi kiingie kingi kuliko kinachotoka.

Hii haikupatikana kwa kubahatisha. Mwanasayansi Robert Crane alieleza mwaka 1960 kule Prague kwamba glukosi na sodiamu zinaingia pamoja, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis akawa kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, dripu zimemuishia, watu wanakufa kama asilimia 30, akaamua kuwapa maji ya chumvi na glukosi kwa mdomo, wengi wakinyweshwa na ndugu zao. Vifo vikashuka chini ya asilimia 4. Watu wazima mzee, sio watoto wa meno.

Ila na mzee asionekane kasema vibaya kabisa. Mtu aliyezimia, au anatapika kila kitu, au mapigo ya mkono hayasikiki, huyo dripu na haraka, Ringa lakteti. Akizinduka akaweza kumeza anaendelea na ORS. Na njiani kwenye hiyo bajaji mpe ORS, usisubiri kufika.

Mzee_wa_Feri:
Marahaba. Kwenye bajaji na foleni ya Mandela atamaliza lita tatu.

Dada_Tandale:
Nimesikia watu wa damu grupu O ndo wanaumwa sana, ni kweli au ni stori za mtaani? Mimi ni O. Na mume wangu anakunywa dawa za vidonda vya tumbo kila siku.

FundiMaabara:
Ni kweli kwa sehemu. Tafiti za Bangladesh na Peru zilionyesha wenye O wakishaugua wanaugua vikali zaidi, sio kwamba wanaambukizwa kirahisi zaidi. Grupu za damu ni sukari zilizopo hata kwenye seli za utumbo, sio kwenye damu tu, na sumu hii inapenda sukari, kwahiyo kuna ushahidi kwamba kwenye seli za O inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Huna cha kubadilisha hapo zaidi ya kuwahi. Mumeo ndo aangalie, tindikali ya tumbo inaua bakteria wengi sana, anayeizima kila siku anahitaji bakteria wachache tu ili augue. Asiache dawa bila kumuona daktari, achemshe maji.

Alafu nilisahau kitu kitamu. Jini za hiyo sumu hazikuwa za bakteria mwanzoni. Watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha mwaka 1996 kwamba zinabebwa na virusi anayemwambukiza bakteria mwenyewe, na virusi huyo anaingilia kwenye pilasi, vile vinyweleo ambavyo bakteria anavitumia kujikusanya kwenye utumbo. Vibrio wengi wanaoishi baharini na kwenye mikoko hawana hizo jini na hawakuletei kipindupindu.

Dada_Tandale:
Asante. Na kama pakiti hakuna dukani, nikikoroga mwenyewe nikizidisha sukari ili apate nguvu?

Nesi_wa_Temeke:
Usizidishe dada. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha sio vya mlima. SGLT1 ina kiwango chake, sukari ikibaki kwenye utumbo inavuta maji kutoka mwilini na unamwongezea kuharisha. Hata pakiti za zamani zilionekana nzito, mwaka 2002 WHO wakapunguza, sasa glukosi milimoli 75 na sodiamu milimoli 75 kwa lita, zinaenda sawasawa. Na soda ndo usimpe kabisa, sukari tele na chumvi karibu hakuna.