Omeprazole zinagawiwa kama njugu, kipimo sahihi cha ugonjwa hakuna!

Wakuu, leo niacheni niseme. Ukienda zahanati na kiungulia, hata hujamaliza kujieleza umeshaandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Duka la dawa ni hivyohivyo. Hakuna anayekuambia uimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa sababu dawa hii huziba pampu za asidi zikiwa kazini, na chakula ndicho kinachoziamsha. Mtu anakula, anashiba, anameza kidonge akienda kulala. Kifua kikiendelea kuungua anaambiwa aongeze dozi!

Kinachoniuma zaidi ni kipimo. Shangazi yangu alipimwa damu, akaambiwa ana H. pylori, bakteria wa tumboni, akapewa dozi ya wiki mbili: antibiotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, pamoja na omeprazole. Akamaliza zote. Aliporudi wakampima damu tena. "Bado wapo." Akaanzishiwa dozi nyingine! Jamani, kipimo kile cha damu kinaonyesha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili hubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kupona kunathibitishwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, omeprazole ikiwa imesimamishwa wiki mbili. Mama wa watu anabugizwa antibiotiki ambazo huenda hazihitaji, na bakteria hawa wenyewe wanazidi kuwa sugu kwa clarithromycin.

Madaktari Marshall na Warren walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyu husababisha vidonda vya tumbo. Bado mgonjwa anaambiwa "punguza mawazo, acha pilipili", na diclofenac ya magoti, dawa ya maumivu ambayo nayo huleta vidonda, iko mkobani mwake, hakuna aliyemuuliza.

Omeprazole siikatai, imeokoa wengi. Lakini inapunguza asidi tu, haikazi mlango wa juu wa tumbo uliolegea. Mwenye kucheua ataendelea kucheua. Na aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla, asidi inaweza kupanda kupita mwanzo kwa wiki kadhaa. Anadhani ugonjwa umerudi, anarudi dukani kununua tena. Mnawaeleza hilo? Hamuwaelezi! Anayetapika damu, anayepata choo cheusi, anayekonda au kukwamwa na chakula, huyo apelekwe kipimo cha kamera, si kuongezewa vidonge.

Wahudumu wa afya mliomo humu, nijibuni: aliyekwisha kutibiwa anapimwa damu tena ya nini?