Dar es Salaam inataka irudishiwe kodi yake ya majengo na viongozi wa kuwawajibisha

Ndugu zangu, nimechoka kusikia kwamba sisi wakazi wa Dar es Salaam hatujui tunachotaka kutoka Serikali Kuu ila kulalamika tu. Tunajua vizuri sana. Tunataka mamlaka na fedha za kuuendesha mji huu ziwe mikononi mwa watu tunaoweza kuwachagua na kuwaondoa kwa kura, kwa sababu hivi sasa watu hao hawapo.

Mtaro ukiziba na maji yakaingia vyumbani, wananchi humkimbilia diwani wao, na diwani huyo, hata awe mchapakazi wa namna gani, hana greda wala fungu la fedha, kwa kuwa tangu mwaka 2017 barabara za mitaa pamoja na mitaro yake ziliondolewa kwenye halmashauri na kukabidhiwa TARURA, wakala wa Serikali Kuu wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala mwingine wa Serikali Kuu. Maji ni ya DAWASA, mabasi ya mwendokasi ni ya DART, nauli hupangwa na LATRA, na mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Kila chombo kina waziri wake Dodoma, na hakuna hata kimoja kinachopigiwa kura na mtu wa Tandale au Buguruni. Ibara ya 146 ya Katiba inasema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Naomba anayeyaona madaraka hayo katika kata yake anionyeshe.

Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Ilala peke yake, iliyokuwa moja ya manispaa za mji huu, ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Nakubali kwamba halmashauri ile ilikuwa dhaifu na kazi zake ziligongana na za manispaa, lakini dawa yake ilikuwa kuipa meno. Leo mji uliohesabiwa watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022 hauna chombo cha kuchaguliwa kinachouangalia mzima. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu na kupita katika manispaa zaidi ya moja kabla ya kufika baharini, na unapofurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Ni nani aliyechaguliwa na sisi anayepaswa kujibu kwa nini karakana ya mabasi hayo ilijengwa bondeni palepale, ilhali mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameshaua watu na kulazimisha familia kuhamishiwa Mabwepande?

Linaloniudhi zaidi ni kodi ya majengo. Hiki kilikuwa chanzo cha mapato cha halmashauri zetu, lakini mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Serikali Kuu, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani ule wa kulipia kabla ya kutumia. Matokeo yake ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, asiyemiliki hata tofali, ndiye anayelipia jengo la mtu mwingine, kisha anaambiwa akaelewane na mwenye nyumba. Nani asiyejua maelewano hayo huishia wapi, ikiwa mpangaji anayebishana huambiwa atafute chumba kwingine? Isitoshe, kiwango ni kimoja kwa nyumba zote za kawaida, hivyo jumba la kifahari la Masaki lisilo na ghorofa hulipa sawa na kibanda cha tofali cha Kigogo. Kodi ya namna hii haiangalii thamani ya mali, na anayeilipa hawezi kumuuliza diwani wake imefanya nini mtaani.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali ilete bungeni muswada wa kuirudisha kodi ya majengo kwenye halmashauri, itozwe kwa kuthaminisha jengo, na matumizi yake yabandikwe katika ofisi za kata. Tunataka mameneja wa barabara na maji wawajibike kwa baraza moja la mji mzima, linaloongozwa na meya aliyepigiwa kura moja kwa moja na wakazi. Hilo la meya huenda likahitaji muda wa kutunga sheria. La mpangaji halivumilii kusubiri hata bajeti ijayo: kodi ya jengo idaiwe kwa mwenye jengo, kwa jina lake, na itolewe kabisa kwenye LUKU.