Naomba ushauri: violini zinakwaruza, ni rekodi ama ni chumba?

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote. Naomba msaada nimekwama. Niko Kibokoni hapa Mombasa, nimejipinda nikanunua spika mbili za mtumba na amplifaya, nia yangu nisikize muziki wa klasiki vile ulivyo haswa sio ule wa kwenye simu.

Piano peke yake iko sawa kabisa. Ile Goldberg Variations ya Bach aliyorekodi mpiga piano Glenn Gould 1981, usiku nikizima feni namsikia hadi anavyoguna chini chini huku akipiga, wallahi raha. Shida ni okestra. Nina sidii ya kondakta Fritz Reiner na okestra ya Chicago, muziki wa Richard Strauss uliorekodiwa 1954, watu wanaisifu sana lakini kwangu violini zikipanda juu zinakwaruza kama bati, na nyuma kuna ule mvumo wa tepu ssss. Nshabadilisha waya, nshasogeza spika mbali na ukuta, nkatandika na mikeka maana chumba ni sakafu tupu na kuta za mawe, makali yamepungua kidogo tu.

Sasa nauliza, hii ni rekodi yenyewe kwa umri wake ama ni chumba changu? Na nkiwa na pesa ya sidii moja tu mwezi huu, nichukue okestra gani iliyorekodiwa vizuri, ambayo nkiiweka ntajua kwa hakika kosa si la rekodi? Tafadhalini mnitajie na mwaka na kampuni, maana kazi moja imerekodiwa na watu chungu nzima na hapo ndo napotea.