Naomba ushauri: siku 3 kwenye kibanda cha mbao, Bear Head Lake, Minnesota

Habari zenu wakuu. Tupo watu wazima 3 na watoto 2 (miaka 6 na 9). Mwishoni mwa Septemba tunatoka Minneapolis kwenda Bear Head Lake, hifadhi ya jimbo yenye ziwa karibu na mji wa Ely, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwendo wa saa 4 hivi.

Kibanda kina vitanda na magodoro tu, hivyo mablanketi tunabeba. Kupika ni nje. Jiko la mkaa au gesi haliingii ndani, maana kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kuni tutanunua hukohuko zilizoidhinishwa, kwa sababu za nyumbani hueneza wadudu wanaoua miti. Dubu weusi wapo, kwa hiyo chakula, takataka, hata dawa ya meno, vyote vinalala ndani ya gari lililofungwa.

Kinachonisumbua ni mitumbwi. Watoto wa chini ya miaka 10 lazima wavae jaketi la kuokolea, hilo sawa. Lakini tukikodi mitumbwi 2, mmoja utakuwa na mtu mzima 1 na mtoto 1. Mbele panakuwa pepesi, pua inanyanyuka, upepo wa mchana unaigeuza. Je, niweke begi zito mbele, au tupige kasia asubuhi tu kandokando ya ufuko?

Pia, usiku ukikaribia nyuzi 0, watoto wavae nini? Najua pamba ikilowa haitunzi joto. Sufu tabaka 2 zinatosha?

Natanguliza shukrani.