Huyu kiongozi wa haikingi (kupanda milima) wa Moro mnayemjua wote, jana kanilaza na masufuria!!

Mguu Pekupeku (mleta uzi):

Wakuu naandika nipo stesheni ya SGR hapa Moro, mgongo umekakamaa, nanuka kitunguu na moshi, sijui abiria nitakayekaa naye atanivumiliaje mpaka Dar. Jina simtaji. Mnamjua. Kofia pana, filimbi shingoni, "twendeni familia twendeniii", na kila picha yake yeye yupo mbele, mlima umebanwa nyuma ya sikio.

Mchango nimetoa mapema kuliko wote kwenye grupu, meseji ya muamala ninayo, na tangazo lake lilisema hema, begi la kulalia na msosi. Mpango ni kupiga kambi Morningside halafu alfajiri tunapandisha kilele cha Lupanga. Na sitakuwa mnafiki, njia tamu. Mnatoka mjini jua linachoma, mnaingia kwenye migomba, mnapishana na bibi wa Kiluguru anateremka sokoni na tenga la mboga kichwani, hata hahemi, nyie mnashindwa kumalizia neno shikamoo. Kule juu Morningside, kwenye lile jengo la Mjerumani, ni kama mita 1,300, kibaridi kinaanza kuuma, giza likiingia Moro yote iko chini yenu imewaka taa. Nikasema hapa hela yangu imefanya kazi.

Saa tatu usiku manyunyu yakaanza, nafuata hema langu nikalale, nakuta kalala dada mmoja aliyekuja na begi la magurudumu. Begi la magurudumu wakuu. Uluguru! Nikauliza kistaarabu tu, jamaa akaja na tochi yake ya kichwani akanimulika usoni mbele ya kadamnasi akasema, "Kaka wewe unaonekana unakoroma, kalale na masufuria."

KALALE NA MASUFURIA.

Nimekoroma saa ngapi na sijalala?? Mtu kaniangalia shingo tu katoa hukumu. Hakuna shahidi, hakuna ushahidi, shingo!

Na hayo masufuria mjue yalikuwa chini ya turubai la jikoni limefungwa kwenye miti, kuni mbichi huku, mtungi wa gesi kule, sufuria la wali lina ukoko katikati, mimi pembeni. Mvua ikakolea, turubai likafanya tumbo la maji, likaanza kudondosha tone moja moja juu ya mfuniko, ta... ta... ta... unasubiri la mwisho halifiki. Usiku wa manane akaja panya wa msituni akapiga ule ukoko karibu na pua yangu kabisa, taratibu, hana presha, kashaona huyu naye ni chombo cha jikoni. Alfajiri wanaochemsha chai wananiruka kama gogo. Na jamaa anapita na kikombe, "umeamkaje kaka?" Nimeamkaje nimelala wapi???

Kuna ndege dunia nzima yuko milima ya Uluguru tu, watu wanatoka Ulaya kuja kumtafuta. Mimi natoka Mbagala kuja kulala na masufuria.

Lupanga nikapanda hivyo hivyo, msitu umelowa, unang'ang'ania mizizi kwa mikono, kufika juu zaidi ya mita 2,100 ukungu mtupu, mji hauonekani, mashamba ya mkonge hayaonekani, hata mwenzako aliyesimama mbele humuoni. Ningeona mandhari labda hasira zingepungua. Halafu sasa hivi nafungua grupu nakuta kaposti picha, "familia tumelala salama". Familia ipi? Mimi niko ukoo wa masufuria!

Nataka hela yangu ya hema. Na aniambie nimekoroma saa ngapi.

Kichuguu: Nimefika filimbi nikamjua 😂😂😂 huyo kuna safari alitusahau wawili njiani akapiga picha ya "kikosi kamili".

Mama Zai: Pole baba. Ila hujajibu. Unakoroma hukoromi?

Mguu Pekupeku: Dada hilo sio swali la uzi huu.

Mama Zai: Haya nimeelewa.

Ngoswe wa Tegeta: Anakoroma huyo, mtu asiyekoroma angejibu kwa neno moja.

Kibogoyo: Ukoko ulibaki? Nauliza kwa niaba ya panya.

Barafu4673: Mnalia na Morningside, pale bodaboda inafika. Njooni Kili njia ya Machame. Mimi kambi ya Barafu, saa sita kasoro usiku tunajiandaa kwenda kileleni, baridi hata zipu haifungi, natafuta glavu zangu sizioni. Nakuja kuziona kileleni Uhuru mita 5,895 kazivaa mwenzangu wa hema moja anapiga nazo picha ya bango! Na kaniambia "nilijua unazo zingine". Vidole viwili mpaka leo havisikii maji ya moto. Angekuwa mgumu, yaani mpagazi, kanibebea mzigo ningenyamaza, wale wana haki zao, lakini huyu ni shemeji yangu.

Kichuguu: Shemeji tena 😂 harusi iliendelea?

Barafu4673: Iliendelea. Nilienda na glavu.

Mguu Pekupeku: Wakuu turudi kwenye mada. Kalale na masufuria, mbele ya watu wote, tochi usoni.

Ngoswe wa Tegeta: Subiri kwanza, hivi bodaboda inafika kweli Morningside? Mimi nimetembea mpaka kucha zimeng'oka.

Mzawa wa Boma: Inafika ila inategemea mvua na dereva. Njia mbaya unashuka unaisukuma, na hela unalipa.

Ngoswe wa Tegeta: Bei?

Mzawa wa Boma: Inategemea sura yako. Ukishuka na kofia ya haikingi umekwisha.

Swaleh Maskati: Nyie angalau mna mvua na panya. Huku Oman tulipanda Jebel Shams, mita 3,000 hivi, korongo lake ukichungulia magoti yanalegea, usiku baridi kali, kimyaaa, nyota zote. Tumetulia tunasoma hewa, pembeni ikapaki familia na jenereta. JENERETA. Wakawasha taa, wakashusha sinia la mandi, ule wali wa nyama, na tamthilia juu. Nimeenda mlimani nimerudi najua mume wa nani kaoa mke wa pili.

Mama Zai: Sasa wewe unalalamika nini, hiyo mandi waliwakaribisha?

Swaleh Maskati: Walitukaribisha.

Mama Zai: Futa posti yako.

Wanjiku wa Ngong: Kwani huko Moro mnakodi hema ama kila mtu anabeba yake? Huku kwetu ukienda Mount Kenya bila hema yako ni wewe umetaka. Masufuria wacha ulale nayo.

Mguu Pekupeku: NILILIPIA HEMA. Somheni uzi jamani. *Someni.

Kibogoyo: Mkono unatetemeka huo, baridi haijatoka.

Barafu4673: @Wanjiku wa Ngong Mount Kenya umefika kilele cha Lenana au ulikomea kwenye geti ukapiga selfi?

Wanjiku wa Ngong: Lenana, 4,985. Unataka cheti ama glavu?

Kichuguu: 😂😂😂😂 kaka kaa chini

Mzawa wa Boma: Anayetaka strobeli za Uluguru zimeshuka sokoni leo, nzuri, za asubuhi.

Fundi Chuma: Nauza hema la watu wawili, limetumika mara moja tu, lipo Mbezi, bei maelewano.

Ngoswe wa Tegeta: Halivuji?

Fundi Chuma: Njoo inboksi.