Tupeane uzoefu: Mwalimu wa Hisabati afundishe vipi ili mwanafunzi asilikimbie somo?

Mtia Chaki
Walimu wa Hisabati, wa msingi na sekondari, uzi wenu huu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Hisabati ndiyo huburuza mkia, na maelezo ni yale yale: watoto hawalipendi somo. Hawakuzaliwa wakilichukia. Wa darasa la kwanza anapanga visoda kumi kumi huku akiimba. Akifika la tano, kengele ya Hisabati ikilia anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hapo katikati kuna namna alivyofundishwa. Simulizi za "mimi enzi zangu" tuziweke kando. Leta mbinu, inafanywaje, na inaharibikia wapi.

Naanza na "tumeelewana?" Darasa zima linaitikia "ndiyooo", mwalimu anafuta ubao. Ile ni adabu tu, haikuambii nani kaelewa. Uliza swali lenye jibu, na ufuate mpangilio huu: swali kwanza, kimya, jina mwisho. Ukitaja jina kwanza kwenye darasa la watoto 80, wale 79 wameshapumzika. Kimya kiwe cha sekunde tatu au zaidi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima hili miaka ya 1970: walimu wengi walikuwa wakisubiri kama sekunde moja tu, na waliporefusha hadi tatu majibu yakawa marefu na waliojitokeza kujibu wakaongezeka.

Majina yaandike kwenye vijiti, weka koponi, chomoa kimoja. Kijiti kilichotoka kirudi koponi, vinginevyo aliyeshajibu anajua leo kazi yake imeisha.

Jibu likiwa kosa, "kaa chini, nani amsaidie?" ndiyo inayofunga midomo. Sema "umefikaje hapo?" Ila liulize swali hilo hata kwa aliyepata. Ukiwauliza waliokosea peke yao, ndani ya wiki moja watoto wote wanajua kwamba ukiulizwa hivyo umekosa, na wanafuta haraka kabla hujasogea.

Miraba Sita
Mtia Chaki umegusa penyewe. Nalileta kwenye sehemu, maana huko ndiko wengi wanakofia.

Mpe mtoto 1/2 + 1/3, atakuandikia 2/5. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu wa haraka anaweka mkasi mwekundu na kuandika "tafuta KDS", yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Mtoto atatafuta KDS, atapata 5/6, na kesho kutwa atarudi kwenye 2/5, kwa sababu hakuna kilichomwonyesha kwamba 2/5 haiwezekani.

Fanya hivi. Kwenye daftari la miraba achore mstatili wa miraba 2 kwa 3, jumla sita. Kwa nini huo? Kwa sababu upande mmoja unagawanyika kwa mbili na mwingine kwa tatu. Apake kalamu nusu ya mstatili: miraba mitatu. Achore mstatili wa pili sawa na wa kwanza, apake theluthi: miraba miwili. Jumla mitano kati ya sita. Sasa muulize: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya nusu? Mwache abishane na jirani yake dakika mbili. Hapo ndipo uandike 3/6 + 2/6, na KDS inaingia ikiwa jina la kitu alichokwisha kukiona.

Inaharibikia wapi: mistatili miwili isipolingana ukubwa zoezi zima linakufa. Na usikimbilie kukunja karatasi sehemu tatu, kila mtoto atakunja ya kwake na theluthi hazitalingana. Miraba ya daftari ni salama zaidi.

Ubao Mweusi
Nakubali, lakini tusigeuze uzi huu kuwa kesi dhidi ya ubao. Siku hizi mwalimu akieleza mbele ya darasa anaambiwa amepitwa na wakati, kwa hiyo anagawa makundi na kusema "jadilianeni". Wajadili nini wakati hakuna anayejua? Mada mpya inahitaji mifano iliyofanywa yote ubaoni. Tatizo la wengi wetu ni kuruka kutoka mfano mmoja hadi maswali kumi.

Ngazi ziwe hivi: mifano miwili kamili, kila hatua na sababu yake. Mfano wa tatu acha hatua ya mwisho waifanye wao. Wa nne acha hatua mbili. Ndipo maswali, manne yanatosha.

Na hiyo sababu ya kila hatua ndiyo yenyewe. Chukua 3x + 5 = 20. Anayefundishwa "kikivuka upande wa pili kinabadili alama" atapata 3x = 15 vizuri kabisa, halafu ataivusha ile 3 pia: x = 15 − 3 = 12. Hajazembea, ametii kanuni uliyompa. Mfundishe kutenda jambo moja pande zote mbili: toa 5 huku na huku, gawanya kwa 3 huku na huku, x = 5. Kisha airudishe: 3 mara 5 ni 15, ongeza 5 ni 20. Mtoto anayeweza kujihakiki hamngojei mwalimu amwambie kama ana akili au hana. Mimi naona mabadiliko ya mtazamo yanaanzia hapo, kuliko kwenye nyimbo na makofi ya "mpe maua yake".

Pwani Tena
Swali kutoka upande wa Kenya. Huku kiboko kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, lakini bado wapo wanaosema hesabu haziingii bila fimbo. Wenzetu mnasemaje?

Bibi Daftari
Pwani Tena, huku Tanzania kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Hakuna panaposema swali moja, kiboko kimoja. Tuache sheria, tutazame kazi yenyewe: ukichapa kwa idadi ya makosa, asubuhi daftari zote zina majibu sahihi na yanafanana hadi makosa ya kunakili. Mtihani ukija ni sifuri. Fimbo imekuficha kitu ulichokuwa unakitafuta, yaani nani hajui na hajui nini.

Njia ya kukiona ni hii. Kipindi cha dakika 40, acha tano za mwisho. Nusu karatasi kila mmoja, swali moja tu, wanakupa mlangoni wakitoka. Usitoe alama. Panga mafungu matatu: waliopata, waliokosea hatua moja, waliopotea kabisa. Robo saa inatosha hata kwa karatasi 90, kwa sababu unatazama swali moja. Kipindi kinachofuata anza na kosa lililojirudia zaidi, liandike ubaoni bila jina la mtu: "Hapa pameharibika wapi?" Watoto wanapenda kuwinda kosa likiwa halina mwenyewe.

Tahadhari: ukikusanya karatasi halafu kesho ukaendelea na mada kama kawaida, ya tatu wataandika chochote ili watoke.

Miraba Sita
Nyongeza kwa wa kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza. Wengi wanaoitwa wabovu wa Hisabati wameshindwa kulisoma swali tu. Waache wawili wawili walieleze swali kwa Kiswahili dakika mbili, wachore walichoelewa, ndipo waandike hesabu na sentensi moja ya jibu kwa Kiingereza. Sentensi ya mfano iwe ubaoni tayari, wabadilishe namba.

Mtia Chaki
Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu makundi darasa likijaa. Usihamishe madawati, utapoteza dakika kumi. Wa dawati la mbele wawageukie wa nyuma, kundi ni watu sita. Wakizidi hapo wawili wanafanya, waliobaki wanapiga soga. Kila mmoja ana namba, 1 hadi 6. Muda ukiisha taja namba, mfano 4, na mwenye namba hiyo ndiye anayeeleza kwa niaba ya kundi. Usiitaje kabla ya kazi, maana watamwandaa huyo mmoja tu. Kalamu moja kwa kundi, na inahama kila hatua.